Steringi, Adui, na Yule Aangukaye

 

Jioni ya leo, wasikilizaji wangu, nataka tuzungumze juu ya wanyang'anyi. Wala siwakusudii wale wa baharini, ambao hikaya zao tumelelewa nazo sisi watu wa pwani, nawakusudia wa nchi kavu, wa magharibi ya Marekani, waliopanda farasi wakavunja mabenki na kuyasimamisha magari ya moshi katika miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyomalizika mwaka 1865. Watu hao walikuwa watu kweli. Walizaliwa na mama zao, wakala, wakaumwa meno, wakaua, wakauawa, na makaburi yao yapo hata leo kwa atakaye kuyazuru. Lakini sinema iliwachukua, na kwa muda wa miaka zaidi ya mia ikawa yawavua nguo zao na kuwavika nyingine, hata leo ukitajiwa jina la Billy the Kid au la Jesse James, kinachokujia machoni ni uso mzuri wa mchezaji aliyelipwa mshahara ili aitwe kwa jina hilo, na marehemu mwenyewe, mwenye jina lake, hana mahali pa kusimama.

Nilipokuwa mtoto pale Ngamiani, mjini Tanga, siku za Jumamosi tukijaliwa kupata thumni zetu tulikwenda kukaa viti vya mbele kabisa, ambako ukitoka shingo yakuuma kwa kutazama juu, na huko tukahitimu ilimu yenye kanuni mbili tu. Ya kwanza, kwamba kila filamu ina mtu mmoja aitwaye steringi, neno tuliloliokota katika maandishi ya Kiingereza yanayotangulia majina ya wachezaji, tukalisuuza kwa ndimi zetu likawa letu. Na ya pili, kwamba mkabala wa steringi yuko adui, na steringi hauawi. Tukirudi, tulikwenda kiwanjani kuicheza upya filamu ile kwa bastola za matawi ya mpera, na kila siku ugomvi ulikuwa ule ule, nani awe steringi. Aliyeshindwa kwa maneno au kwa makonde akawa adui, na waliosalia wakagawanywa pande mbili. Alikuwako mdogo wetu mmoja, mtoto wa jirani, ambaye hakuwa na bastola kwa kuwa mpera ulimshinda kuukwea, naye alikuwa akishika pindo la kanzu yake ya chuoni na kuuliza, "Na mimi je, nani?" Tukamwambia, "Wewe kazi yako kuanguka." Akaanguka. Alianguka vizuri kuliko wote, mkono kifuani, akalala mchangani macho kayafumba mpaka mchezo ukaisha, na mamake akamwita kwa ukali kwa sababu ya kanzu. Mtoto huyo mwekeni akilini, kwani nitarudi kwake.

Nianze na Billy the Kid. Jina alilopewa na wazee wake ni Henry McCarty. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1874 katika mji wa Silver City, New Mexico, akamwacha yeye na nduguye kwa baba wa kambo aliyekuwa mbali nao zaidi ya kuwa karibu. Na kutoka hapo kijana akaingia katika wizi mdogo, kisha wizi wa farasi, na mwaka 1877 akamwua mtu katika ugomvi huko Arizona. Alipouawa yeye mwenyewe, tarehe 14 Julai 1881, umri wake ulikuwa kama miaka 21. Ushikeni umri huo, kisha watazameni wachezaji: Paul Newman alipomwigiza mwaka 1958 alikuwa mtu wa miaka 33, na Kris Kristofferson, katika filamu ya Sam Peckinpah ya mwaka 1973, alikuwa amekwisha kupita 35. Kijana ambaye ndevu zake hazijakaa sawasawa akafanywa mtu mzima mwenye kauli nzito, kwa sababu mtazamaji angemwona mtoto pale angeuliza wazee wake wako wapi, na swali hilo lingeiharibu filamu tangu mwanzo.

Aghalabu mambo madogo huionyesha kazi hii ya kugeuza kwa uwazi kuliko makubwa. Imesalia picha mashuhuri ya Billy, iliyopigwa juu ya bati kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo: amesimama na kofia iliyobonyea, nguo hazikumkaa, meno ya mbele yamechomoza kidogo, mkono mmoja umeushika mtutu wa bunduki aliyoisimamisha chini, na bastola yaning'inia ubavuni, upande uonekanao kuwa wa kushoto. Basi watu wakasema Billy alikuwa mashoto. Neno likaenea, likaingia vitabuni, hata filamu ile ya Newman ikapewa jina kwa mkono huo wa kushoto. Lakini picha ya bati, mfano wa kioo, hugeuza kulia kuwa kushoto, na dalili yake i wazi kwa ajuaye silaha, kwani bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 tundu lake la kutilia risasi liko upande wa kulia, na katika picha ile laonekana kushoto. Igeuze picha, na bastola yarudi kulia. Ikawa filamu nzima imebeba jina la kosa la kioo. Na lile bati lenyewe, dogo la kutiwa mfukoni, likauzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni mbili.

Kisha liko jambo lililomtia Billy katika vita. Wilaya ya Lincoln, mwaka 1878, ilikuwa na vita ambavyo mtu wa Tanga au wa Lamu angevifahamu mara moja, maana vilikuwa vita vya maduka: upande mmoja wenye duka kongwe lililoishika biashara yote ya wilaya pamoja na mikataba ya kuliuzia jeshi nyama, na upande wa pili Mwingereza mmoja, John Tunstall, aliyekuja na mtaji wake akafungua duka la kushindana nao. Tarehe 18 Februari Tunstall akapigwa risasi akafa, na Billy, aliyekuwa akimfanyia kazi, akaingia katika kundi la kumlipizia kisasi. Na tarehe 1 Aprili kundi hilo likajibanza nyuma ya ukuta wa udongo likampiga sherifu Brady njiani, yeye na msaidizi wake. Sherifu huyu, wasikilizaji, msimchanganye na masharifu wetu wenye nasaba tukufu. Huyu ni mkuu wa polisi wa wilaya, achaguliwaye kwa kura, na katika wilaya ile duka alilolipenda yeye ni lile kongwe. Ama filamu haitaki habari za maduka. Filamu yataka yatima na mlezi wake. Kwa hiyo katika Young Guns, ya mwaka 1988, Tunstall ni mzee wa heshima awafundishaye vijana wake kusoma na kukaa mezani kwa adabu, na mchezaji aliyemwigiza, Terence Stamp, alikuwa akiikaribia miaka 50. Tunstall wa kweli aliuawa akiwa na miaka 24.

Na mauti ya Billy ndiyo yaliyoisumbua sinema kupita yote, kwa sababu ile kanuni yetu ya Ngamiani haikuwa ya watoto wa Tanga peke yao. Filamu ya King Vidor ya mwaka 1930 ilimwacha Billy aondoke salama na mwanamke ampendaye, sherifu Pat Garrett, aliyekuwa akimwinda, akimfumbia macho. Na ile ya Howard Hughes iliyotoka mwaka 1943 ikamwacha aondoke vilevile, na badala yake ikamwua mtu mwingine mashuhuri wa zama hizo, Doc Holliday, kisha ikamzika chini ya jina la Billy. Doc Holliday wa kweli hakupigwa risasi na Garrett wala na mwingine. Alikufa kitandani kwa kifua kikuu huko Colorado mwaka 1887, miaka sita baada ya kijana ambaye filamu ilimzika Doc chini ya jina lake.

Sasa isikieni ile ya kweli, kama alivyoisimulia Garrett mwenyewe. Ulikuwa usiku, katika kituo cha Fort Sumner, na Garrett alikuwa ameingia katika chumba cha kulala cha Pete Maxwell, akaketi kichwani pa kitanda gizani, amwulize mwenyeji wake habari za mtoro. Billy akatokea nje bila viatu, kisu mkononi, anakwenda kujikatia kipande cha nyama, akawaona watu asiowajua ukumbini, akaingia kinyumenyume chumbani kwa Maxwell, na akiona kivuli kitandani akauliza kwa Kihispania, lugha ya majirani zake, lugha ambayo filamu nyingi zimemnyima, "Quién es?", yaani, nani huyo? Garrett akafyatua. Hapakuwa na jua la adhuhuri, wala njia kuu yenye vumbi, wala watu wawili waliotazamana wakingojana nani atangulie kuchomoa. Palikuwa na chumba chenye giza na kijana mwenye njaa aliyeuliza swali asijibiwe. Peckinpah, na tumpe haki yake, aliufahamu uchungu wa jambo hilo, kwani katika filamu yake Garrett akisha kumwua Billy anageuka na kukipiga risasi kioo kilichobeba sura yake mwenyewe.

Msidhani, hata hivyo, kwamba sinema ndiyo iliyoanza kutia chumvi. Aliyeanza ni muuaji mwenyewe: mwaka 1882, kabla kaburi halijaota nyasi barabara, Garrett alitoa kitabu cha maisha ya Billy kwa msaada wa rafiki yake mwandishi wa magazeti, na ndani yake kijana yule akawa mtu wa kutisha kwelikweli, kwa kuwa mwinda simba hatakubali kuambiwa aliua paka. Ikaenea hesabu kwamba Billy aliua watu 21, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, hesabu tamu inayosadikika kwa utamu wake. Waliochunguza taarikhi humhesabia wanne aliowaua kwa mkono wake peke yake, na wengine kadhaa aliokuwa mmoja wa waliowapiga. Katika hao wanne yumo James Bell, mlinzi wake wa gereza, ambaye inasemekana alimtendea mfungwa wake kwa upole, naye alipigwa risasi tarehe 28 Aprili 1881 Billy alipotoroka hukumu ya kunyongwa. Mlinzi wa pili, Olinger, aliuawa dakika chache baadaye kwa bunduki yake mwenyewe kutoka dirisha la ghorofani. Olinger alikuwa mkali, ndiyo maana sinema humpenda. Hupewa maneno, hupewa dharau, ili kifo chake kishangiliwe. Bell aghalabu hupitiwa haraka haraka.

Wa pili ni Jesse James, na kwake yeye uliofichwa si umri wala mkono. Umefichwa msiba wa taifa zima. Alizaliwa mwaka 1847 katika jimbo la Missouri, mwana wa mhubiri mwenye shamba na watumwa. Vita vilipowaka, alifuata upande wa wenye watumwa, na mwaka 1864, akiwa na miaka 16, aliingia katika kundi la William Anderson, ambaye watu walimwita Bill wa Damu, na hawakumwita hivyo kwa mzaha: mwezi Septemba wa mwaka huo kundi hilo lilisimamisha gari la moshi katika mji wa Centralia, likateremsha askari zaidi ya 20 wasiokuwa na silaha, likawapiga risasi. Mwaka uliofuata vita vikaisha kwa wengine. Kwa Jesse havikuisha, vilibadili jina tu, vikawa wizi wa mabenki na wa magari ya moshi. Na upande ulioshindwa ukihitaji shujaa, mhariri mmoja aliyekuwa ofisa wa jeshi hilo lililoshindwa, John Newman Edwards, akashika kalamu akamfananisha mnyang'anyi na mashujaa wapanda farasi wa kale. Kutoka hapo zikaja hadithi za mjane aliyelipiwa deni na za maskini waliogawiwa fedha, ambazo ushahidi wake haukupata kuonekana.

Mwaka 1939 Henry King akatengeneza filamu ya Jesse James, ya rangi, Tyrone Power akiwa steringi na Henry Fonda akiwa Frank nduguye. Ndani yake Centralia haimo, na mtu mweusi aliyemo ni mtumishi mwaminifu wa nyumba. Kilichomo ni wakulima wanyonge na kampuni ya reli iwaporayo mashamba yao, na mawakala wa reli wanaoirushia nyumba bomu wakamwua mama mzee, ndipo mwanawe aingiapo katika unyang'anyi kwa uchungu. Kweli, wasikilizaji, bomu lilikuwako. Januari mwaka 1875 wapelelezi waliokuwa wakimwinda Jesse walitupa kitu cha moto ndani ya nyumba ya mama yake, kikaripuka, kikamwua ndugu yake mdogo wa mama mmoja na kumkata mama mkono. Ukatili huo haukanushiki. Lakini mama hakufa, aliishi mpaka mwaka 1911, na siku hiyo mwanawe alikuwa amekwisha kuiba na kuua kwa miaka mingi. Filamu ikalichukua tokeo ikaliweka mahali pa sababu, na kwa kulihamisha jambo hilo moja ikamtakasa mtu mzima.

Kwa nini ilifanya hivyo? Kwa sababu mbili zilizokutana. Muongo ule ulikuwa wa dhiki kuu, wakulima wa Marekani wakinyang'anywa mashamba kwa madeni, na mtu aliyeingia sinema akiwa ametoka kupokea barua ya benki alitaka kumwona mtu aiendeaye benki na bastola. Na upande wa pili, Hollywood ilikuwa imejifunga kwa kanuni zilizotiliwa mkazo tangu mwaka 1934, kwamba mhalifu asipambwe, wala asikose adhabu. Steringi ilikuwa lazima afe, na ilikuwa lazima apendwe. Hila iliyopatikana ni kumtafutia adui aliye mkubwa kuliko yeye. Maana mwizi akiibiwa kwanza, wizi wake huitwa kudai.

Ama kifo cha Jesse sinema haikulazimika kukipamba. Tarehe 3 Aprili 1882, katika mji wa St. Joseph alikokuwa akiishi kwa jina la Thomas Howard, alivua mikanda yake ya bastola kwa ajili ya joto, akapanda juu ya kiti apanguse vumbi la picha iliyotundikwa ukutani, na Robert Ford, kijana wa kundi lake mwenyewe aliyekwisha kuafikiana na gavana, akampiga kisogoni. Sisi hikaya hii twaijua kwa jina jingine. Fumo Liongo, ambaye silaha za watu hazikumweza, yasimuliwa kuwa alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa amehongwa. Na tangu hapo hakuna aketiye barazani akauliza Liongo aliua wangapi, twamlaani mwana tu. Hiyo ndiyo kazi ya khiana katika hadithi. Hakuna kimwoshacho muuaji kama kusalitiwa. Filamu ya Andrew Dominik ya mwaka 2007, ambayo Brad Pitt alimwigiza Jesse, nadhani ndiyo ya haki kupita nyingine, kwa sababu ilithubutu kumfuata msaliti hata baada ya mazishi na kumwonyesha kama alivyokuwa kweli, akiigiza jukwaani mauaji yale yale mbele ya watu waliolipa kiingilio, mpaka naye akapigwa risasi katika mji wa Creede mwaka 1892.

Na biashara hiyo ya kiingilio haikuwa ya Ford peke yake. Mama yake Jesse aliwauzia wageni vijiwe vya kaburi la mwanawe. Mwaka 1921 mwana wa Jesse, aliyekuwa mtoto wa miaka sita baba yake alipouawa, alimwigiza baba yake huyo katika filamu. Emmett Dalton, ambaye ndugu zake wawili walikufa mwaka 1892 walipojaribu kuvunja benki mbili kwa siku moja katika mji wa Coffeyville, Kansas, naye akatoka na majeraha ya risasi zaidi ya 20, alipomaliza kifungo chake alikwenda California akajiigiza mwenyewe. Kwa hiyo anayesema sinema iliwasingizia wanyang'anyi hajasema kweli yote. Wengine waliuza wenyewe, wakapokea mkononi.

Basi nini kilicho kibaya? Kama ni kukosea tarehe, hata sisi wazee hukosea. Na hadithi ina ruhusa yake. Nitakwambieni kwa mfano mmoja.

Tarehe 7 Septemba 1876 watu wanane, Jesse na Frank wakiwamo pamoja na ndugu watatu wa ukoo wa Younger, waliingia mji wa Northfield, jimbo la Minnesota, kuivunja benki. Watatu waliingia ndani. Nyuma ya meza walimkuta Joseph Lee Heywood, karani wa hesabu, aliyekuwa akikaimu kazi ya mshika fedha kwa kuwa mwenyewe alikuwa safarini. Wakamtaka afungue hazina, akakataa. Wakamtia kisu shingoni, akakataa. Wakampiga, wakafyatua risasi karibu na kichwa chake, akakataa. Huku nje wenyeji walikuwa wamekwisha kutambua, wenye maduka ya vyuma wakigawa bunduki, na mwanafunzi mmoja wa udaktari akilenga kutoka dirisha la hoteli. Dakika saba tu zikapita, na wawili katika wanyang'anyi wakawa maiti njiani. Wale wa ndani wakatoka mbio, na wa mwisho wao, akivuka meza, akageuka akampiga Heywood risasi ya kichwa. Njiani akaanguka pia mhamiaji wa Kiswidi, Nicolaus Gustavson, ambaye hakuwa na lake jambo, akafa siku chache baadaye. Walichoondoka nacho wanyang'anyi ni dola 26 na senti 70.

Mwaka 1980 Walter Hill aliitia siku hiyo katika filamu iitwayo The Long Riders, akawachukua wachezaji ambao ni ndugu kweli wawaigize wale ndugu, na ni kazi ya mafundi, sikatai: risasi zaenda polepole, farasi wapasua vioo vya madirisha, na damu yatoka kama katika ndoto. Lakini jiangalie wewe mwenyewe ukiitazama. Moyo wako uko juu ya farasi pamoja na waliokuja kuiba. Wamlilia Younger aliyejeruhiwa, wamwomba Mungu avuke ile njia, na aliyebaki sakafuni nyuma ya meza ya benki umekwisha kumsahau kabla moshi haujatawanyika. Hilo ndilo lililo baya. Sinema imetufunza kupanga watu safu mbili, ya steringi na ya adui, na imetufunza tusimwone asiye katika safu yoyote.

Nami nilidhani labda upofu huo ni kwa kuwa steringi si mweusi mwenzetu. Maana katika wachunga ng'ombe wa Marekani weusi walikuwa wengi, na miaka nenda miaka rudi sinema iliwaficha, wakiwa wamo mashambani na kwenye farasi kama wengine. Kwa hiyo mwaka 2021, ilipotoka The Harder They Fall, ambayo karibu wote waliomo ni weusi, na Idris Elba akamwigiza Rufus Buck akiwa bwana mkubwa mwenye haiba na mji wake, nilifurahi kama mtoto wa viti vya mbele. Kisha nikamkumbuka Rufus Buck wa kweli. Alikuwa kijana aliyeongoza vijana wanne wenzake katika nchi waliyotengewa Wahindi Wekundu, mwaka 1895, na unyang'anyi wao haukudumu ila siku chache za kuua na kunajisi wanawake, wakanyongwa wote watano tarehe 1 Julai 1896. Wale wanawake katika filamu hawamo. Rangi ya steringi ilikuwa imebadilika, nami nikaona fahari. Aliyeanguka alikuwa bado hana jina.

Mji wa Northfield umechagua njia nyingine. Kila Septemba wenyeji huadhimisha siku ya kushindwa kwa Jesse James. Huvaa nguo za zama zile, hupanda farasi, hufyatua baruti mbele ya benki ile ile, na watoto hupiga makelele ya furaha kama tulivyopiga sisi. Lakini katika siku hizo hizo hulikumbuka kaburi la karani wao.

Miaka mingi imepita tangu siku za mpera. Yule mdogo wetu wa kanzu ya chuoni alihama na wazee wake, na sijui leo yuko bandari gani. Lakini redio hufika mahali ambapo barua haifiki, na iwapo yu hai, na yuko mahali ananisikia, nataka nimjibu swali lake, ambalo sisi wakubwa wake tulikuwa na haraka mno ya kulijibu. Uliuliza, ndugu yangu, wewe ni nani. Wewe ulikuwa karani wa benki. Jina lako Joseph Lee Heywood. Nyumbani kwako una mke na binti mdogo. Waliingia watu na bastola wakakutaka ufungue, ukakataa. Inuka, ujipanguse mchanga.